Kesi za mauaji za kupangiwa na Mahakama Kuu: nijiandikishe sasa au nisubiri kwanza?

Kijana_Isevya:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni wakili, nimeapishwa mwaka jana, nipo Tabora kwenye ofisi ya wakili mmoja mkubwa kiumri na kikazi. Kazi zetu nyingi ni ardhi, mirathi na madeni ya benki, jinai tunaigusa mara mojamoja tena kwa hakimu. Sasa juzi nimeenda masijala kufuatilia jalada langu, karani akaniambia kuna vikao vya mauaji vinakuja na Naibu Msajili anahitaji mawakili wa kuongeza kwenye orodha yake ya wale wanaopangiwa washtakiwa wasio na uwezo, zile kesi wengine mnaziita doki brifu, maana wanaokubali ni walewale kila mwaka. Nikamjibu nitafikiria, na kweli tangu siku ile nafikiria hilo tu.

Bosi wangu hajanikataza ila kasema utapoteza muda, malipo yenyewe ni nauli tu. Rafiki yangu niliyesoma naye Law School yeye anasema ni kazi rahisi, unaenda unasimama, unauliza maswali mawili matatu, inaandikwa mshtakiwa alikuwa na wakili, basi. Hayo maneno ndo yameniuma zaidi, maana huyo mtu unayesimamia kesi yake akikutwa na hatia ya mauaji kwa sheria yetu adhabu ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, jaji hana pa kupunguza.

Naomba kujua kwa wanaozifanya: unaingiaje kwenye hiyo orodha, ni barua tu au kuna usaili? Wakili wa mwaka mmoja anaruhusiwa kweli? Ukishapewa jalada unaanzia wapi? Na malipo yakoje, semeni ukweli tu. Natanguliza shukrani.

Msomi_wa_Unyanyembe:

Marahaba kijana. Umeuliza jambo zuri, ntajibu kirefu kidogo.

Kuingia siyo kazi. Uwe kwenye daftari la mawakili, leseni yako ya mwaka iwe hai, usiwe na shauri la nidhamu. Andika barua kwa Naibu Msajili wa kanda yako ukisema upo tayari kupangiwa, weka namba ya simu inayopatikana muda wote na email unayoifungua, taja na wilaya ambazo upo tayari kwenda kwa sababu vikao havikai Tabora mjini peke yake, jaji anatoka anaenda wilayani. Usaili hakuna, angalau kwenye vituo nilivyofanya kazi mimi. Na hapo ndo shida inapoanzia, kwa sababu hakuna anayekupima kabla hujakabidhiwa maisha ya mtu, kwa hiyo inabidi ujipime mwenyewe.

Kisheria msingi wake upo kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kifungu cha 33, jaji au hakimu akiona haki inataka mshtakiwa awe na wakili na yeye hana uwezo wa kuweka, anaagiza apatiwe. Soma vizuri hicho kifungu, kinasema mashauri ya jinai, hakijasema mauaji tu. Mazoea yetu ndo yameibana huduma ikabaki kwenye mauaji na kesi chache kubwa, wakati mtu wa unyang'anyi wa kutumia silaha anasimama peke yake kwa hakimu na akitiwa hatiani hatoki chini ya miaka 30. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishalisema hili kwenye shauri la Alex Thomas mwaka 2015 na la Mohamed Abubakari mwaka 2016, wote walikuwa wafungwa wa miaka 30 kwa unyang'anyi na wote walihukumiwa bila wakili, Mahakama ikasema Tanzania ilikiuka haki yao ya kutetewa. Kwa hiyo ukishazoea kidogo, hata ukiwa kwa hakimu kwa shughuli zako nyingine ukaona mtu anahangaika na shtaka kama hilo, simama umkumbushe hakimu kwa heshima kwamba hicho kifungu kipo.

Sasa swali lako la unaanzia wapi. Unaanzia gerezani. Siyo kwenye jalada, gerezani. Ukipata barua ya kupangiwa chukua nakala ya jalada, lisome usiku, kesho yake uende gereza la Uyui au popote alipo. Mshtakiwa wa mauaji wa kwetu amekaa mahabusu muda mrefu, mwanzoni kesi ipo kwa hakimu ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza, hata kujibu shtaka haruhusiwi, kila tarehe anasikia upelelezi haujakamilika anarudishwa. Upelelezi ukikamilika anasomewa maelezo ya mashahidi, kesi inahamia Mahakama Kuu, na muda wote huo hajawahi kukaa na mtu aliyesomea sheria akamuuliza wewe siku hiyo ulikuwa wapi. Ukimkuta asubuhi ya kesi kwenye chumba cha mahabusu pale mahakamani, dakika kumi kabla jaji hajaingia, hatakuambia kitu. Kwanza hakuamini. Anajua umeletwa na serikali na anayemshtaki ni serikali, utamlaumu vipi? Ukimfuata gerezani mara ya kwanza atakutazama tu, mara ya pili atakutajia jina la shahidi ambaye hayupo kwenye jalada la polisi kabisa.

Malipo ni kidogo na yanakuja baadaye, ukishawasilisha madai yako na hati ya kuonyesha kesi imefika wapi. Usiyahesabu kwenye kodi ya ofisi. Panga mwezi wako kwa kazi nyingine, hii uiweke pembeni kama kazi unayoifanya vizuri kwa sababu inatakiwa kufanywa vizuri.

Kuhusu mwaka mmoja: unaruhusiwa. Ila kesi ya kwanza muombe wakili mzoefu mshike wote wawili, yeye mbele wewe nyuma, mweleze Naibu Msajili mapema, sijaona anayekataa.

Mtemi_Mdogo:

Mimi ntasema tofauti na sina nia mbaya na mtu. Nilizifanya hizi kesi nikaacha. Unakuta kikao kimepangwa wiki tatu mfululizo wilayani, kesi hii leo ile kesho, unalala gesti, simu za wateja wako wanaolipa zinaita hupokei maana upo mahakamani, ukirudi mjini mteja wa ardhi kahamia kwa wakili mwingine. Mawakili wachanga wasio na ofisi yao ndo wanaumia zaidi. Kama nchi inaamini mtu asinyongwe bila kutetewa basi itenge fungu la maana, iajiri mawakili wa utetezi wa kudumu kama inavyoajiri mawakili wa serikali wa kushtaki. Upande wa mashtaka ana mshahara, ana gari, ana mpelelezi, wewe una boda. Kijana usijione mbaya ukikataa.

Msomi_wa_Unyanyembe:

Mtemi nakubaliana na wewe kuhusu fungu na ofisi ya kudumu, hilo tulisemee kwenye TLS, chama chetu cha mawakili, na kwingine kote kila tunapopata nafasi. Ila vikao vya mwezi ujao vipo, na watu wapo ndani sasa hivi, wakili wa kudumu hajaajiriwa bado. Anayekubali afanye kweli, asiyeweza akatae mapema barua irudi apewe mwingine. Kinachoua ni yule anayepokea halafu anatuma udhuru asubuhi ya kesi.

Dada_wa_Ipuli:

Samahani naingia na mimi si mwanasheria. Kaka yangu alikaa mahabusu kwa kesi ya mauaji, kituo sitataja. Wakili wa kwanza aliyepangiwa hatukuwahi kumuona, tulikuwa tunasikia jina tu, siku ya kesi akaja akauliza mshtakiwa ni yupi kati ya hawa. Mama alikaa kwenye benchi la mahakama analia bila sauti. Baadaye sijui kilitokea nini huyo akabadilishwa akaja dada mmoja kijana, huyo alimfuata kaka gerezani, akatupigia simu sisi ndugu, akauliza siku hiyo kaka alikuwa wapi, nani alimuona, tukamwambia alikuwa msibani kijiji cha pili na watu wengi tu wanajua. Kumbe hiyo habari ilitakiwa itolewe taarifa mapema mahakamani na hakuna aliyekuwa ametuuliza. Akaandika, mashahidi wakaja. Kaka yuko nyumbani leo.

Kwa hiyo kaka Isevya mimi nakuomba tu ukikubali, ulizia ndugu wa mshtakiwa. Tunakuwepo nje ya mahakama kila tarehe, tumekaa chini ya mti, hatujui tumuone nani. Tunaogopa hata kumsogelea mwenye koti jeusi.

Wakili_MamaNeema:

Dada wa Ipuli pole sana na asante kwa kuandika, hicho ulichosema kuhusu msibani ndo utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio, sheria ya mwenendo wa jinai inataka mshtakiwa atoe taarifa mapema kabla kesi haijaanza kusikilizwa, asipotoa jaji anaweza kuupa uzito mdogo au asiupe kabisa. Wakili asiyekwenda gerezani hawezi kuujua.

Isevya mdogo wangu, nakuongezea mambo ya mahakamani maana mzee amekupa ya gerezani. Namba za vifungu ntakazotaja ni zile tulizozizoea, toleo jipya la sheria zilizorekebishwa zimepangwa upya kwa hiyo hakiki kabla hujasimama.

La kwanza ni siku ya usikilizwaji wa awali. Wengi wanaichukulia kama siku ya kuandikisha mahudhurio na ndo siku hatari kuliko zote. Unaulizwa mambo yasiyobishaniwa, ukiyakubali yanaandikwa na yanahesabika yamethibitika, hayahitaji shahidi tena. Ripoti ya daktari kuhusu maiti mara nyingi haina ubaya kukubali kwamba mtu amekufa, lakini isome yote kwanza, wakati mwingine daktari ameandika jeraha moja na mashahidi wote wanasema alikatwa mapanga mengi, na wewe ulitaka kumuuliza huyo daktari. Ramani ya tukio ndo kabisa usiikubali kwa haraka, hapo ndo utajua shahidi alisimama umbali gani na taa ilikuwa wapi.

Kesi nyingi za kwetu ni za usiku, mtu kavamiwa ndani, shahidi anasema nilimtambua kwa sauti na kwa mwanga wa taa. Hapo kaa na uamuzi wa kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 mpaka uujue kwa moyo. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondoka, kwa hiyo unauliza: ulimuona kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa nini na ulikuwa na nguvu kiasi gani, ulikuwa unamfahamu kabla? Uliza taratibu, moja moja, jaji anaandika. Halafu nenda kwenye kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002, kama shahidi alimtambua kweli kwa nini jina halikutajwa kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa polisi wa kwanza waliofika? Ukiwa na maelezo yake ya polisi mkononi na jina halimo, tayari una kitu cha kumwambia jaji.

Maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa. Hapa ndo watu wanahukumiwa kunyongwa kijana. Mshtakiwa anakwambia nilipigwa nikasaini. Angalia kwanza saa aliyokamatwa na saa maelezo yalipoandikwa, sheria inatoa muda wa saa nne tangu awe chini ya ulinzi, zaidi ya hapo iwepo nyongeza iliyoombwa kihalali, ila muda wa kumsafirisha kutoka alikokamatwa hauhesabiwi kwa hiyo usikurupuke, piga hesabu vizuri. Pingamizi litoe pale yanapoombwa kupokelewa, siyo baadaye kwenye hoja za mwisho, na kama unasema alilazimishwa basi omba kesi ndogo ndani ya kesi isikilizwe, ya kuangalia kama aliyatoa kwa hiari. Yakishapokelewa kimya umekwisha. Na kielelezo chochote cha maandishi kikipokelewa lazima kisomwe kwa sauti mshtakiwa asikie, uamuzi wa kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003, kisiposomwa unaomba kiondolewe.

Kama kuna silaha, simu au nguo iliyokamatwa, fuata mnyororo wake, nani alichukua, akamkabidhi nani, kwa karatasi ipi, ikahifadhiwa wapi, kesi ya Paulo Maduka imeeleza yote. Na shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa wakati kesi inahamishiwa Mahakama Kuu haruhusiwi kuja tu siku ya kesi, lazima upande wa mashtaka utoe taarifa ya maandishi mapema, kifungu cha 289. Hesabu majina ya mashahidi kabla hujaondoka nyumbani.

Halafu siyo kila kesi ya mauaji ni mauaji. Hili naliandika kwa herufi za kawaida ila lisikie kwa nguvu. Watu walikuwa wanakunywa pombe, ugomvi ukazuka, ngumi, fimbo moja kichwani, mtu akafa siku ya tatu hospitali. Mshtakiwa mwenyewe anakubali alipiga ila hakutaka kuua. Nenda mapema kwa wakili wa serikali mwenye jalada, zungumzeni, mara nyingi wanakubali kosa la kuua bila kukusudia, na hilo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha lakini jaji ana uhuru wa kwenda chini, anaangalia miaka aliyokaa ndani, umri, familia, alivyokiri. Nimeona watu wakitoka na miaka michache. Ukingoja mpaka mashahidi watano wamesikilizwa, nafasi hiyo inakuwa imepungua sana.

Angalia na umri. Mtoto wa miaka 17 wakati wa tukio hanyongwi, lakini polisi wameandika 20 na hakuna aliyeuliza cheti, ni wewe wa kwenda kutafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule. Na ukiona mteja anaongea vitu havielewani, ndugu wanasema alikuwa anaugua akili hata kabla, omba mapema apelekwe Isanga Dodoma, kituo cha wagonjwa wa akili, akachunguzwe. Usione aibu kuomba.

Kijana_Isevya:

Dada MamaNeema Mungu akubariki, hii nimeikopi yote nimeiweka kwenye daftari. Dada wa Ipuli pole kwa yaliyowapata, nimekusoma nikasimama kidogo. Nikikubali ntawatafuta ndugu, hilo nakuahidi.

Swali la haraka, mshtakiwa akiwa hajui Kiswahili vizuri? Huku tuna Wasukuma wa vijijini kabisa na tuna wale waliotoka Burundi.

Wakili_MamaNeema:

Mkalimani ni haki yake, omba mahakama imlete, na usikubali ndugu wa marehemu au askari atumike. Hata gerezani nenda na mtu unayemuamini, siyo mahabusu mwenzake maana siri ya utetezi itazunguka gereza zima.

Mwana_wa_Kisauni:

Wakili hapa Mombasa, naona mnaongea jambo ambalo hata sisi tunapambana nalo. Kwetu zinaitwa popa brifu, Naibu Msajili wa Mahakama Kuu ana orodha, unaomba kuwekwa, na mauaji yote lazima mshtakiwa awe na wakili. Katiba yetu ya 2010 kipengele cha 50(2)(h) kinasema serikali itamlipia mshtakiwa wakili pale ambapo haki ingeumia sana bila hivyo, halafu ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Lakini wizi wa mabavu uko kwa hakimu na adhabu yake kwenye kitabu ni kifo, na washtakiwa wengi wanajitetea wenyewe. Kwa hiyo huyo mzee wa Tabora amesema kweli, shida ni ileile pande zote mbili za mpaka.

Tofauti moja kubwa ni kwamba kwetu kifo si lazima tena kwa mauaji. Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, ilisema kumnyima jaji uhuru wa kuchagua adhabu ni kinyume cha katiba. Hii imebadilisha kazi ya wakili wa kupangiwa kabisa. Zamani ukishindwa ulikuwa unakunja karatasi. Sasa kuna hatua nzima ya kujitetea juu ya adhabu, unaleta ripoti ya ofisa wa probesheni, unaleta wazee wa kijiji, unaeleza maisha ya mtu. Ninyi mko na uamuzi wa Mahakama ya Afrika pale Arusha kwenye kesi ya Ally Rajabu wa 2019 uliosema hivyohivyo kuhusu sheria yenu, mimi ningekuwa Tanzania ningeutaja kwenye kila kesi hata kama jaji mikono yake imefungwa, ili ubaki kwenye kumbukumbu jaji wa rufani auone.

Msomi_wa_Unyanyembe:

Nakuunga mkono ndugu wa Kisauni. Nchi yetu haijanyonga mtu tangu 1994 na watu wanachukulia kama adhabu ya karatasi tu, lakini kaa na mtu aliyehukumiwa uone kama kwake ni karatasi. Nyongeza kwa kijana: kesi ikiisha vibaya usiondoke. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa iingie ndani ya siku 30, mweleze mteja hapohapo, andaa wewe mwenyewe, usimuachie gereza. Mahakama ya Rufani nayo itampangia wakili, anaweza kuwa wewe au mwingine, na huyo mwingine atategemea kumbukumbu uliyoiacha. Pingamizi ambalo hukulitoa kwake halipo.

Mkalimani_Ughaibuni:

Nawasoma kutoka Marekani. Mimi si wakili, nakalimani Kiswahili mahakamani, wateja wengi ni ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo. Naona niongeze kidogo kwa sababu nimekaa pembeni ya mawakili wa kupangiwa kwenye mahakama za shirikisho huku.

Huku mfumo ulikuja baada ya uamuzi wa kesi ya Gideon ya 1963, Mahakama ya Juu iliposema mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili, na sheria ya mwaka 1964. Wilaya nyingi za mahakama zina ofisi ya mawakili wa utetezi walioajiriwa na serikali, kama anavyotaka ndugu Mtemi, halafu kuna paneli ya mawakili binafsi wanaochukua kesi ambazo ofisi ile haiwezi, mfano washtakiwa wakiwa wengi na wanalaumiana. Kuingia kwenye paneli unaomba, kamati inapitia, inaangalia kesi ulizofanya, na sehemu nyingine ukiwa mchanga unawekwa chini ya mzoefu kwanza, unakaa kiti cha pili kwa kesi kadhaa. Wanalipwa kwa saa, mwaka 2025 ilikuwa dola 175 kwa kesi za kawaida, na wakili anajaza hesabu ya saa zake jaji anapitisha.

Ila msidhani ni pepo. Mwaka huohuo 2025 fungu la paneli liliisha mapema Julai, mawakili wakakaa bila malipo mpaka mwaka mpya wa fedha, na kesi zilikuwa zinaendelea. Niliowafahamu waliendelea kwenda magereza kuona wateja wao.

Kinachonigusa mimi zaidi siyo hizo dola. Ni kwamba wakili anaweza kuomba mahakama imlipie mpelelezi, daktari wa akili na mkalimani kwa ajili ya utetezi. Nimeenda gerezani na wakili na mpelelezi wake, tumekaa na kijana mmoja wa Fizi, Kongo, saa nyingi tukimsikiliza kwa lugha yake. Wakili wenu wa Tabora anafanya kazi za hao watu wote peke yake kwa boda. Nawaheshimu sana.

Mtemi_Mdogo:

Hapo kwa mpelelezi ndo penyewe. Tukipata hata fungu la mtu mmoja wa kuzunguka kutafuta mashahidi wa utetezi kila kanda, kesi zitabadilika. Kijana wakati tunasubiri watumie wasaidizi wa kisheria wa kata, wanajua kila kaya na wengi wana moyo. Nilipokuwa nafanya wao ndo walinitafutia watu.

Kijana_Isevya:

Wakuu narudi na mrejesho. Barua nimepeleka Jumatatu, na bosi nilipomsomea maneno ya MamaNeema kuhusu maelezo ya onyo akakaa kimya kisha akasema kesi ya kwanza atakaa na mimi. Leo nimepigiwa simu, nimepangiwa. Washtakiwa ni wawili kwenye jalada moja na nimepewa wote. Nimesoma maelezo yao usiku huu, wa kwanza kwenye maelezo yake polisi anasema aliyepiga ni mwenzake, na wa pili anasema yeye alikuwa ameshaondoka. Naenda Uyui keshokutwa. Naomba ushauri kabla sijaenda.

Wakili_MamaNeema:

Huwezi kuwatetea wote wawili hao, na usiende kukaa nao pamoja keshokutwa hata kama askari magereza atakuletea wote kwenye meza moja. Ukishasikia siri za mmoja huwezi kumhoji kwa niaba ya mwingine. Kesho asubuhi mapema nenda kwa Naibu Msajili, mweleze tu kwamba maslahi ya washtakiwa yanagongana, usimwambie kwa undani nani anasema nini, omba mmoja apangiwe wakili mwingine. Andika na barua, weka nakala. Akikuuliza unabaki na yupi mwachie achague yeye.

Ukishajua wa kwako ni nani, ndo uende. Chukua maji, daftari na nakala ya jalada yenye kurasa zote, jitambulishe kwa jina, mwambie nani amekupanga na kwamba anachokuambia hakifiki kwa polisi wala kwa jaji bila yeye kutaka. Halafu muulize kuhusu nyumbani kwanza, siku ya tukio itakuja yenyewe. Bosi wako akiweza kwenda na wewe mara hii ya kwanza ni vizuri zaidi.

Kijana_Isevya:

Sawa dada, saa moja na nusu ntakuwa mlangoni kwa Msajili.